Majivu Juu ya Kikopo

Naandika haya nikiwa nimekaa kwenye kiti, nimetulia. Anayeweza kukaa hivyo kila siku hawezi kujua utamu wa sentensi hiyo. Kwa misimu kadhaa mimi nilikuwa mtu wa kusimama na kukimbia. Nilivijua vyoo vyote kuanzia kwetu Ntobeye hadi Nyamiaga: cha shule, cha kanisani, cha kituo cha afya ambacho mlango wake ulishang'oka, na cha mama mmoja muuza maandazi pale njia panda. Mama huyo, Mungu ambariki, alikuwa akiniona tu natokea ananionyesha njia kwa kidevu na kuendelea na karai lake.

Jina langu ni Deogratias, ila hapa kijijini naitwa Baba Erasto. Ni mkulima wa kahawa, migomba na maharage, na katika maisha yangu sijaandika kitu kirefu kuliko barua ya kuomba mbolea. Ninayeandika sasa ni mtu aliyechoka kusimulia. Tangu nipate nafuu, watu wanakuja. Wanasimama kwenye mibuni yangu, wanaongea habari za mvua, wanaongea habari za bei, kisha wanashusha sauti na kuuliza, na wewe ilianzaje? Mwanzoni nilikuwa nawajibu mmoja mmoja. Sasa nimeamua kulisema mara moja, asomaye asome.

Ilianza wakati wa kuvuna maharage, na haikuanzia tumboni. Niliwashwa. Mstari mwekundu ulitokea kwenye paja, mwembamba kama uzi, na ajabu yake ni kwamba ulikuwa unahama. Asubuhi uko hapa, mchana umesogea upana wa kiganja. Nilimwonyesha mke wangu akaniambia nimejikuna. Kesho yake akauona mwenyewe mahali pengine, akapaka mafuta ya kupikia. Ukapotea, ukarudi kiunoni.

Tumbo lilifuata. Sitaki kueleza sana, kila mtu ana tumbo. Lilikuwa linauma hapa juu chini ya mbavu, kisha linafunguka, kisha linatulia siku chache ili nianze kujisifu, kisha linafunguka tena. Nikameza dawa ya minyoo. Nikapata nafuu, nikamwambia Mama Erasto kwamba yameisha. Mvua za vuli zilipoanza nikameza ya pili. Nikapewa na zile za njano chungu ambazo humwachia mtu ladha ya msumari mdomoni. Mwili ukawa unapungua huku mimi nikiuangalia. Mkanda niliuongezea tundu kwa msumari wa moto, nikaongeza na lingine. Pete yangu ya ndoa ilidondoka kwenye ndoo ya maji machafu, mke wangu akaipata akiwa anamwagia migomba. Akaifunga kwenye pembe ya khanga yake. Siku hiyo ndiyo niliogopa.

Kwetu mtu akikonda watu hawamuulizi, wanamkisia. Nilipima virusi, nikapima TB, nikapima sukari. Kila mara nilikutwa sina. Unaweza kudhani hizo ni habari njema, na mara ya kwanza zilikuwa njema kweli. Baadaye nilifika mahali pa kutamani waniambie ninacho. Mtu mwenye ugonjwa wenye jina ana dawa, ana kundi, ana tarehe ya kurudi. Mimi nilikuwa na tumbo tu.

Lile benchi la kituo cha afya nalifahamu kuliko benchi la kanisani. Limelainishwa na makalio ya wagonjwa mpaka linang'aa. Mtu hukaa mwishoni, anasogea kidogo kidogo kuelekea mlangoni, na mimi nilikuwa nikifika katikati tumbo linaniita, nikirudi naanza mwisho tena. Kina mama wenye watoto walinizoea. Mmoja alianza kunishikia nafasi kwa kuweka kandambili yake mahali pangu. Wengine walikuwa wakisogea mbali kidogo nikikaa, nami nilijua ni kwa nini, sikuwalaumu.

Huko ndiko walikonipa kikopo. Kikopo kidogo cha plastiki chenye mfuniko, niende nacho nyumbani, asubuhi nilete choo kikubwa wakipime kwenye darubini. Nikakipokea, nikakitia mfukoni, nikarudi kwetu nikiwa na mtihani mkubwa kuliko ugonjwa wenyewe.

Hapa lazima nieleze, maana msomaji wa mbali atatuona wendawazimu. Kutoka kwangu hadi kituoni ni mbali na ni milima, na mimi sikuwa na uwezo tena wa kukaa juu ya pikipiki asubuhi. Mke wangu magoti yake yalishakufa zamani. Binti zangu wameolewa mbali. Mwanangu Erasto yuko Biharamulo kwenye machimbo ya dhahabu, anakuja Krismasi na Pasaka. Mwenye miguu nyumbani kwangu ni mmoja tu, Spesioza, mke wa Erasto. Sasa kwa mila zetu, mkamwana na baba mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hatamki jina langu. Hakai kwenye kiti changu. Nikiwa naoga nyuma ya nyumba hapiti. Akikuta nguo yangu ya ndani kwenye kamba anazunguka. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyetakiwa kubeba choo changu mkononi na kupanda nacho mlima mpaka kituoni, akisalimiana na watu njiani.

Nilisema siendi kupima. Tuligombana siku nzima, mimi nikiwa chooni na Mama Erasto akiwa nje ya mlango. Mwishowe akapata ufumbuzi, kama kawaida yake. Nilipomaliza, alikichukua kikopo, akaenda jikoni, akachota majivu baridi pale penye mafiga, akayajaza juu mpaka kinyesi hakionekani, akafunga mfuniko, akakiviringisha kwenye jani la mgomba na kukitia kwenye kikapu chini ya maharage. Majivu ndiyo tunayomwagia chooni, ndiyo tunayomwagia pale mtoto alipochafua kabla ya kuzoa. Yanaondoa harufu, yanaondoa nzi, yanaondoa aibu. Spesioza akapewa kikapu, akakipokea kwa mikono miwili akiwa ameinamisha macho, akaenda.

Jibu likawa kwamba hawakuona mdudu.

Basi ikawa ndiyo kazi yetu. Kikopo, majivu, jani, kikapu, mlima. Hawakuona mdudu. Kikopo kingine wakati wa kupalilia, hawakuona mdudu. Daktari, kijana mpole mwenye macho ya kulala, alikuwa ananitazama kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni na anajua alikuwa nao. Aliniandikia dawa za vidonda vya tumbo. Akaniandikia kipimo cha damu, akaniambia kuna aina moja ya chembe za damu ambazo zimezidi sana kwangu, na kwamba zinazidi kwa mtu mwenye mzio au mwenye minyoo. Na minyoo hatuioni, mzee, akasema. Alisema hivyo kwa huzuni. Nilimpenda kwa huzuni ile, ingawa haikunisaidia.

Nyumbani kukawa hakukaliki. Erasto alipiga simu kutoka Biharamulo akisema wenzake wa machimboni wanamjua mganga hodari, nipelekwe. Mama Erasto akamwambia mwanawe kama ana nauli ya mganga ailete iwe nauli ya hospitali ya Bugando. Wakarushiana maneno kwenye simu huku mimi nimelala hapo hapo, kama vile mimi ni shamba linalogombewa. Jumuiya walikuja kusali rozari. Walisali vizuri, lakini katikati ya fumbo la tatu nilikimbia, na niliporudi niliwakuta wananisubiri kwa upole mwingi sana. Nilitamani wangenicheka. Huruma ya watu wengi kwa pamoja inachosha.

Sikuwa na la kufanya. Sijui niliseme namna gani ili mwenye afya anielewe. Mkulima amezoea kwamba kila tatizo lina jembe lake. Migomba ikinyauka unang'oa, kahawa ikiingiwa na mdudu unapiga dawa, nyumba ikivuja unapanda juu. Mimi nilikuwa nalala kitandani nikisikia kitu kinaishi ndani yangu, na kila aliyenitazama ndani aliniambia hakuna.

Kiangazi kilipoingia, padri alitangaza baada ya misa kwamba kuna watafiti wamekuja kutoka Mwanza, wanazunguka vijiji vya Ngara na Biharamulo wakipima minyoo. Wamepiga hema shuleni. Walikuwa wanataka hasa watoto wa shule, lakini na mtu mzima mwenye tumbo la muda mrefu aje. Watu wote kanisani waligeuka kunitazama mimi. Sijawahi kuwa maarufu namna ile.

Nilipelekwa kwa pikipiki, nimebanwa kati ya dereva na jirani ili nisianguke. Foleni ilikuwa ya watoto, kila mmoja na kikopo chake, wanasukumana na kuchekana. Choo cha shule kilikuwa hatua chache. Nikaingia, nikatoka, nikakipeleka kikopo mwenyewe mkononi mwa dada mmoja mwenye glavu. Hakikupita jikoni, hakikupita kikapuni, hakikupita kwa mkamwana. Hilo sikulifikiria wakati ule hata kidogo. Yule dada alichota kidogo kwa kijiti, akakitia kwenye kichupa chenye spiriti, akakitikisa na kubandika namba.

Nilimuuliza kwa nini wanakitia kwenye spiriti. Si mdudu atakufa?

"Afe tu, mzee," akasema. "Darubini inamtafuta mdudu mwenyewe, akiwa mzima. Sisi tunatafuta vinasaba vyake. Hata akiwa amekufa, hata kikibaki kipande chake, mashine inamjua."

Nikamwambia basi ni kama mwizi, unaweza usimwone lakini nyayo ameziacha. Akacheka, akasema ndivyo hivyo hivyo. Nikauliza mashine iko wapi niisubiri. Mashine ilikuwa Mwanza, na watu walikuwa wengi, na wangepiga simu kituoni majibu yakitoka. Nikarudi nyumbani. Kama kuna kazi ambayo ugonjwa ule ulinifundisha, ni ya kusubiri, na sikuwahi kuiweza.

Ndipo kifua kikaanza. Nilikuwa nakohoa tangu zamani, lakini sasa nilikuwa napiga miluzi nikipumua, na ngozi inawasha usiku na mchana. Duka moja la dawa likanipa vidonge vidogo vyeupe, wakasema ni pumu na mzio. Nawaambia kweli, vile vidonge vilikuwa miujiza. Kwa siku za kwanza niliacha kukohoa, niliacha kujikuna, nilikula ugali nikaomba tena. Mama Erasto aliimba akiwa jikoni. Tukanunua vingine, na vingine. Kumbe nilikuwa nimefungulia zizi na kumlaza mlinzi usingizi. Daktari alinieleza baadaye kwamba vidonge vile vinaunyamazisha mwili usipigane, na yule uliyekuwa ukipigana naye akapata nafasi ya kuzaana atakavyo.

Sikumbuki vizuri yaliyofuata. Tumbo lilivimba likawa gumu. Nilitapika mpaka nikawa natapika hewa. Ile mistari ilijitokeza tena, safari hii imejaa tumboni kote, kama mtu amechora ramani. Uso ulivimba hata mke wangu akasema nimefanana na marehemu mjomba wake. Nilibebwa mpaka barabarani, nikapakiwa kwenye gari la kuombwa, nikalazwa hospitali. Nasikia Erasto alipigiwa simu aje, na alipouliza aje lini, mama yake akamwambia, njoo ukiwa na suti. Kwetu hilo halihitaji ufafanuzi.

Wodini mke wangu alilala sakafuni pembeni ya kitanda, magoti yake yakiwa hayakunjiki. Spesioza alikuwa anakuja asubuhi na chupa ya uji. Haingii. Anasimama mlangoni, anakohoa kidogo ili nijue yupo, nijifunike, ndipo mama mkwe wake aende kuchukua ile chupa. Nilikuwa sina nguvu hata ya kujifunika. Nilikuwa nasikia kile kikohozi cha heshima, na kutoka kitandani namwona amegeukia ukutani, anatazama chokaa. Mgonjwa haulizwi uji, wahenga walisema. Mimi nilitamani mtu aniulize kitu chochote.

Siku moja daktari, yule wa macho ya kulala ambaye alikuwa amehamishiwa huko, aliingia na simu bado iko mkononi. Macho hayakuwa ya kulala.

"Mzee, wale watu wa Mwanza wamekupata. Yumo."

Akaniambia ni mnyoo mdogo sana, mwembamba kuliko uzi, unaoingia kwa kupenya ngozi ya miguu kutoka kwenye udongo wenye unyevu, na tofauti na minyoo mingine huyu anaweza kuzaana humo humo ndani ya mtu kwa miaka mingi bila mtu kujua. Akaniuliza niliwahi kutembea pekupeku wapi. Swali hilo lilinichekesha pamoja na maumivu. Ungeniuliza ni wapi sikutembea pekupeku, ningekujibu upesi zaidi. Bondeni kwenye maharage, kwenye tope la matofali, kambini Benaco mwaka ule wa wakimbizi wa Rwanda nilipokuwa kijana na nikibeba miti ya kujengea, mvua zinanyesha na ardhi yote imekuwa uji. Yawezekana nimeishi naye tangu huko. Yawezekana ni mkubwa kuliko Erasto.

Akachukua vile vidonge vyeupe vyangu vyote, akasema atanipunguzia kidogo kidogo kwa sababu havikatwi ghafla. Kisha akakaa kwenye ukingo wa kitanda na kuuliza, na nilihisi anajiuliza mwenyewe, ilikuwaje kule kituoni wapime mara zote zile wasimwone. Alisema amempigia hata mtu wa maabara wa kule. Mtu wa maabara alimwambia kwamba vikopo vya mzee yule vilikuwa vinakuja vimekauka na vimejaa uchafu wa kijivu, akadhani mzee anaokota chini kwenye udongo. Na kwamba alituma ujumbe zaidi ya mara moja, kiletwe kikiwa safi.

Daktari akatazama huku na huku. Ujumbe ulikuja kwa nani?

Mama Erasto akanitazama, mimi nikamtazama. Kutoka mlangoni kikasikika kile kikohozi. Safari hii Spesioza aliingia. Alikuja mpaka mwisho wa kitanda, akapiga goti, akayashika mapindo ya khanga yake, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akazungumza nami juu ya mwili wangu.

"Baba, walinituma kwako. Walisema nikwambie usiweke udongo. Mimi ningeanzaje? Nikamwambia Erasto kwenye simu akuambie. Naye akaona haya."

Mke wangu akakaa chini. Nilimwona anafumba mdomo kwa kiganja, kile kile kilichochota majivu. Yeye alijua majivu na hakujua ujumbe. Spesioza alikuwa na ujumbe na hakujua majivu, maana hakuthubutu kufungua kikopo cha mkwewe. Erasto alijua ujumbe, akaumeza. Na mimi, mwenye choo, sikujua lolote. Jibu letu lilikuwa limekaa nyumbani mwetu misimu yote ile, linakula nasi, linalala nasi, na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kulisema.

Hasira zilinijaa. Sikujua nizielekeze wapi. Nilimtafuta wa kumlaumu katika wale watu wote wanaonipenda na sikumpata, na hilo liliniuma kuliko tumbo. Nilimwambia Spesioza, "Ungeniambiaje, mwanangu." Akainamisha kichwa akalia bila sauti, na machozi yakadondoka kwenye shuka langu, nikayaangalia.

Daktari alitaka kutusaidia, akatuharibia zaidi. Alisema hawezi kuapa kwamba ni majivu. Mdudu huyu hutoka kwa vipindi, leo yupo kesho hayupo, na kikopo kikishakaa njiani ni vigumu hata kikiwa safi. Darubini ingeweza kumkosa hata hivyo. Kwa hiyo sijui. Mpaka leo sijui kama ni majivu yaliyotaka kuniua, au umbali, au tabia ya mdudu mwenyewe. Wanaokuja kwenye mibuni yangu wanataka nihukumu, nami sina hukumu ya kuwapa.

Sasa habari ya dawa, maana dawa nayo ina vituko. Daktari alipoitaja dawa kwa jina, Erasto, aliyekuwa amefika akiwa na suti kwenye mfuko wa nailoni, alishtuka. Alisema kule Biharamulo amepanga kwa Msukuma mmoja mfugaji, Masanja, na dawa hiyo Masanja anayo ndani, anawadunga nayo ng'ombe kuua kupe. Angeweza kumpigia saa ile ile. Masanja kwenye simu alikuwa tayari kabisa, akauliza tu mzee ana uzito gani ukilinganisha na ndama. Daktari aliinyang'anya ile simu kwa adabu, akasema ya ng'ombe ibaki kwa ng'ombe, ya watu ni vidonge na itatafutwa. Ilichukua muda, kwa sababu haikuwapo hapo, ikaagizwa mjini. Niliisubiri nikiwa nimejua jina la ugonjwa na jina la dawa na sina dawa, na hapo nilijifunza kwamba kujua nako kuna uchungu wake.

Vidonge vyenyewe vilikuwa vichache, havina ladha yoyote. Nilitegemea kitu kikali zaidi. Baada ya kumeza mara ya kwanza niliwashwa mwili mzima kiasi cha kulia, wakasema wanakufa. Nikawa nalala nikiwafikiria wanavyokufa na sikuwahurumia. Wiki hiyo nikala ndizi mbili za kuchemsha zikakaa. Wiki iliyofuata niliamka jua limeshatoka, nimelala usiku wote bila kwenda popote, na Mama Erasto alikuwa ameketi ananitazama akidhani nimekufa. Nikamwambia nina njaa. Akatoka nje akalia huko, akarudi na uji.

Nilirudi nyumbani mvua za vuli zikianza. Pete bado inazunguka kidoleni, tumeifunga uzi. Nguvu za jembe sijazipata, nafanya kazi za kuelekeza watu, na watu hawapendi kuelekezwa. Navaa mabuti bondeni, na nyumba yangu nzima inavaa, hata wakinicheka.

Ukiuliza kama nimepona, sijui pia. Daktari anataka nipimwe tena kuhakikisha hakuna aliyebaki, kwa kuwa akibaki hata mmoja anaweza kuanza upya. Lakini wale watafiti wamemaliza kazi yao na kuondoka. Hema halipo shuleni. Mashine iko Mwanza, na haipimi mtu mmoja mmoja anayebisha hodi kutoka Ntobeye. Kilichopo ni darubini ile ile, benchi lile lile, na kikopo. Wewe unayesoma na ambaye watafiti hawakupita kijijini kwako, sijui nikuambie nini. Peleka choo kikiwa cha moto. Waambie habari za huyu mnyoo mwembamba anayepenya miguuni, wamtafute yeye. Vidonge vya kifua usivinunue dukani kama mistari inatembea mwilini. Zaidi ya hapo mimi ni mkulima.

Wiki iliyopita nilipewa kikopo. Asubuhi nikatoka nacho chooni, nikasimama uani. Kwa mazoea Mama Erasto alikuwa ameshachota majivu kwenye kipande cha kibuyu, yuko mlangoni pa jiko ananingoja. Tukatazamana. Akayamwaga kwenye shina la mgomba.

Spesioza alikuwa ameshavaa mabuti. Mimi sikuweza kumtazama, nilinyoosha tu mkono. Akakipokea kwa mikono miwili, kama anavyopokea kitu chochote kutoka kwangu, kisha akakigeuza kwenye mwanga akakiangalia. Akakifunga kwenye kitambaa na kuondoka haraka, hata chai hakunywa.

Alirudi jua limepinda, jasho linamtoka. Hakwenda jikoni kwa mama mkwe wake. Alikuja moja kwa moja mpaka nilipokaa, akapiga goti, akanitazama usoni.

"Baba, wamesema ni kidogo mno, hakitoshi. Na kesho niwahi zaidi, kwa sababu kimefika kimeshapoa."

Kutoka jikoni nilimsikia mke wangu akicheka. Nikamjibu Spesioza kwamba nimesikia. Akanipa kikopo kingine.